Kutoka Kupokea Hadi Kutuma: Mafundisho ya Umisionari na Miito Mipya Katika Parokia za Rungwe



Kila mwaka, Dominika ya kabla ya mwisho ya mwezi Oktoba, Kanisa zima huadhimisha Dominika ya Kimisionari, iliyowekwa na Papa Pius XI mwaka 1926. Katika nchi yetu ya Rungwe siku hiyo ina uzuri wake. Watoto wa Utoto Mtakatifu huimba, mikungu ya ndizi, viazi na maparachichi hupelekwa altareni pamoja na bahasha, na baada ya Misa mazao hunadiwa nje ya kanisa. Sadaka hiyo ni ya lazima na ni takatifu, kwa kuwa huwafikia watu ambao hatutawaona kamwe kwa macho yetu.

Hata hivyo, Bwana alipoyatazama makutano yaliyochoka na kutawanyika kama kondoo wasio na mchungaji, aliwaagiza wanafunzi wake wamwombe mwenye shamba apeleke watenda kazi (rej. Mt 9:36-38). Aliomba watu. Kwa hiyo, baada ya sadaka kuhesabiwa na mnada kwisha, linabaki swali ambalo kila parokia inapaswa kujiuliza: katika kizazi hiki, nani ametoka kwetu kwenda kuhubiri Injili? Na kama hakuna aliyetoka, je, tumewahi kuwafundisha vijana wetu kwamba wanaweza kutumwa?

Katika makala haya tunapenda kutafakari pamoja nanyi, ndugu wapendwa, uhusiano uliopo kati ya mafundisho ya umisionari na miito. Mungu hajaacha kuita. Lakini sauti yake haisikiki kwa urahisi mahali ambapo waamini wamezoea kuwa wapokeaji wa huduma, wakiamini kwamba padre, mtawa na katekista daima watatoka kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Tukuyu, jina la misioni

Injili ilifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, ikiletwa na ndugu zetu wa madhehebu mengine: Wamoravian, waliojenga kituo chao Rungwe, na Walutheri wa Misioni ya Berlin walioongozwa na Alexander Merensky. Mmoja wa Wamoravian wa kwanza, Georg Martin, alifariki dunia kwa ugonjwa kabla kituo cha Rungwe hakijasimama. Tunawakumbuka kwa heshima, maana hata sisi Wakatoliki tumevuna katika shamba ambalo wao walitangulia kulifyeka.

Kanisa Katoliki lilikuja baadaye kwa mikono ya Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Mwaka 1932 Kiti Kitakatifu kiliunda Prefektura ya Kitume mpya katika nyanda hizi na kuipa jina la Tukuyu. Baadaye jina hilo lilibadilishwa likawa Mbeya. Mwaka 1949 Mbeya ikawa Vikarieti ya Kitume, mwaka 1953 ikawa Jimbo, na Desemba 2018 ikapandishwa hadhi kuwa Jimbo Kuu.

Historia hii ina fundisho. Prefektura ya Kitume ni Kanisa changa, mfano wa mche ulio bado kitaluni: mapadre wake hutoka mbali, na mahitaji yake mengi hutegemea michango ya waamini wa nchi nyingine. Wazee wetu walibatizwa na watu walioacha wazazi wao Ulaya, wakajifunza Kinyakyusa na Kiswahili, na wengi wao hawakurudi makwao. Kila mmoja wao alikuwa na mama aliyelia siku ya kumuaga.

Mche huo umekua. Mwaka 1966 Mbeya ilimpata Askofu James Sangu, mwana wa nchi hii, aliyeliongoza Jimbo kwa miaka 30. Mwaka 1974 Maaskofu wa dunia nzima walipokutana Roma katika Sinodi juu ya uinjilishaji, yeye ndiye aliyetoa taarifa ya uzoefu wa Kanisa la Afrika. Matunda ya Sinodi hiyo ni wosia wa kitume wa Mtakatifu Paulo VI, Evangelii Nuntiandi, uliotolewa tarehe 8 Desemba 1975 na ambao hadi leo ni mwongozo wa utume wa Kanisa. Sauti iliyotoka katika nyanda hizi ilisikika katikati ya Kanisa la ulimwengu, miaka 42 tu baada ya Tukuyu kuwa Prefektura.

Aliyemfuata, Askofu Evaristo Chengula, aliyeliongoza Jimbo tangu mwaka 1996 hadi alipofariki Novemba 2018, alikuwa Mtanzania na mwanashirika wa Wamisionari wa Consolata. Shirika hilo lilianzishwa Turin, Italia, mwaka 1901, likahubiri Injili Iringa, na mwana wa Iringa akaingia katika shirika hilohilo. Aliyepokea amekuwa mwenye kutumwa. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba ya umisionari siku yetu ya tatu imefika. Jembe ni letu.

Kanisa la Antiokia: kielelezo chetu

Anayetaka kuifundisha parokia juu ya umisionari aanzie katika Matendo ya Mitume. Kanisa la Antiokia halikuanzishwa na mtume mwenye jina kubwa. Lilianzishwa na waamini waliotawanyika kwa sababu ya dhuluma, baadhi yao watu wa Kipro na wa Kirene, yaani wa Afrika ya Kaskazini, ambao majina yao hayakuandikwa (rej. Mdo 11:19-21). Miaka michache baadaye, jumuiya hiyo changa ilikuwa katika sala na mfungo pale Roho Mtakatifu alipoagiza kwamba Barnaba na Sauli watengwe kwa ajili ya kazi aliyowaitia. Waamini wakafunga, wakasali, wakawawekea mikono, wakawaacha waende (rej. Mdo 13:1-3).

Tuyatazame mambo matatu katika simulizi hilo. Kwanza, wito ulisikika ndani ya sala ya jumuiya. Pili, Antiokia haikutoa watu wa ziada. Iliwatoa walimu wake bora, wale ambao ingetamani kubaki nao. Tatu, haikungoja kwanza imalize mahitaji yake yote. Kama Antiokia ingesema, "Sisi bado wachanga, tuna vigango visivyo na walimu", Paulo asingefika Korintho wala Roma.

Mafundisho ya Mama Kanisa yamejengwa juu ya msingi huu. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes ya tarehe 7 Desemba 1965, wanafundisha kwamba Kanisa kwa asili yake ni la kimisionari, kwa kuwa chimbuko lake ni kutumwa kwa Mwana na kutumwa kwa Roho Mtakatifu. Kwa maneno mengine, parokia isiyotuma imepungukiwa na kitu kilicho katika kiini chake. Na Mtakatifu Paulo VI, alipofika Kampala mwaka 1969, aliwatamkia Waafrika wazi kwamba sasa wao wenyewe ndio wamisionari wa bara lao.

Miaka 25 baada ya Ad Gentes, Mtakatifu Yohane Paulo II katika waraka wa Redemptoris Missio alipambanua hali tatu za utume. Wapo watu ambao bado hawajamjua Kristo. Zipo jumuiya zilizo hai zinazohitaji uchungaji wa kila siku. Na wapo waliobatizwa ambao imani yao imepoa au imekufa. Mwamini wa Rungwe hana haja ya kusafiri mbali kuziona hali zote tatu. Anaweza kuzikuta katika barabara moja itokayo Tukuyu mjini hadi mpakani Kasumulu: kijana asiyewahi kusikia Injili ikielezwa, kigango kinachosali kila Dominika, na baba wa familia aliyeacha sakramenti tangu siku ya harusi yake. Tofauti za hali hizi zikifundishwa vizuri, kila mbatizwa hutambua kwamba kuna mahali palipo wazi panapomngoja yeye.

Watenda kazi ni akina nani?

Mara nyingi tukisema miito, mawazo yetu huenda kwa mapadre na watawa peke yao. Hao tunawahitaji sana. Bila padre hakuna Ekaristi, na bila Ekaristi hakuna Kanisa. Papa Benedikto XV, katika barua yake ya kitume Maximum Illud ya mwaka 1919, alisisitiza kwamba mapadre wazalendo waandaliwe kikamilifu ili waweze kuwaongoza watu wao, wala wasiandaliwe kwa ajili ya kuwasaidia wageni tu. Katika nchi yetu kazi hiyo ilikwisha kuanza: mapadre wazalendo wa kwanza walipewa daraja takatifu huko Bukoba mwaka 1917.

Lakini katika kigango kilicho kando ya mlima, mahali ambapo mvua ya Rungwe hunyesha karibu mwaka mzima na barabara hugeuka tope, ni nani anayeongoza Ibada ya Neno la Mungu Dominika ambayo padre yuko kigango kingine? Ni nani anayewafundisha watoto Baba Yetu, anayewaandaa wachumba, anayesali na mgonjwa usiku, na anayezika pale paroko asipoweza kufika? Ni katekista. Ad Gentes inawataja makatekista kwa sifa ya pekee, na Papa Fransisko, kwa barua yake Antiquum Ministerium ya tarehe 10 Mei 2021, aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa, inayotolewa kwa ibada yake maalumu.

Kanisa la nyanda hizi lina kielelezo kikubwa cha katekista, naye ni Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, karibu na Mto Niger. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani, kisha Mapadre Weupe wakamkomboa. Alisomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 alifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Mpanda. Hapo alitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956, yaani kwa muda wa miaka 67. Alioa, akalea familia, na mmoja wa wanawe akawa padre. Atiman hakuwa padre wala mtawa, lakini hakuna anayeweza kuandika historia ya Ukristo wa Magharibi mwa Tanzania bila kumtaja. Mtu aliyenyang'anywa utoto wake na biashara ya watumwa aliutoa utu uzima wake wote bure kwa watu wasio wa kabila lake wala wa lugha yake.

Simulizi kama hili lifundishwe kwa watoto wetu. Kijana wa kawaida, anayejiona hana jina wala cheo, ataona kwamba Mungu anaweza kumtumia. Na yule aliye muuguzi, mwalimu au fundi ataelewa kwamba taaluma yake inaweza kuwa njia ya utume, kama zahanati ya Karema ilivyokuwa mimbari ya Atiman.

Tufundishe wapi na namna gani?

Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 791, inaagiza mambo manne kwa kila jimbo: kuhamasisha miito ya kimisionari, kumteua padre wa kusimamia kazi za misioni, hasa Mashirika ya Kipapa, kuadhimisha siku ya misioni kila mwaka, na kutoa mchango wa misioni kila mwaka. Siku na mchango tunavijua vizuri. Lakini miito imetajwa ya kwanza, na inahitaji mafundisho ya mwaka mzima. Tunapendekeza mahali panne pa kuyatolea.

Mahali pa kwanza ni familia. Mtoto husikia juu ya Kanisa mezani kabla ya kusikia mimbarini. Wazazi wanaosali rozari pamoja na watoto wao na kuwaombea wamisionari huwa wanalima shamba. Lakini nyumba ambayo padre na katekista husemwa vibaya kila wanapotajwa haiwezi kutegemea kwamba mtoto wake atatamani kuwa mmoja wao. Kama kuna kosa, lisahihishwe kwa njia inayofaa na kwa wahusika. Masikio ya mtoto si baraza la usuluhishi.

Mahali pa pili ni Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, walizichagua jumuiya hizi kuwa msingi wa maisha ya Kanisa. Tusiziache zibaki kuwa mahali pa kukusanyia michango na kupanga zamu za usafi. Kila mwezi jumuiya itenge siku moja ya kusoma Neno la Mungu linalohusu kutumwa, kisha ijiulize: Ni nani katika mtaa wetu ambaye Injili haijamfikia? Ni nani kati yetu aliye na karama ya kufundisha, kufariji au kuongoza sala? Tumemwambia? Wengi waliopata kuitikia wito walianza kwa kuambiwa na mtu mmoja aliyewaona: "Mwanangu, umewahi kufikiria jambo hili?"

Mahali pa tatu ni darasa la mafundisho pamoja na vyama vya kitume. Watoto wa Utoto Mtakatifu waambiwe kwamba chama chao kilianzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa mwaka 1843 ili watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka ndogo. Vijana wafahamu kwamba Mwenyeheri Pauline Jaricot alikuwa binti mlei wa Lyon, mwenye umri wa miaka 22 tu, shirika la Uenezaji wa Imani lilipoanzishwa mwaka 1822 kutokana na mpango wake wa vikundi vya watu kumi kumi waliosali na kuchanga senti moja kwa juma. Wafahamu pia kwamba Jeanne Bigard na mama yake, mwaka 1889, walianzisha Kazi ya Mtakatifu Petro Mtume kwa ajili ya kuwasomesha mapadre wazalendo. Seminari za nchi za misioni zimetegemezwa kwa miaka mingi na waamini wasiowafahamu waseminari wanaowasomesha. Katika maandalizi ya Kipaimara, fundisho la mwisho liwe hili: Roho Mtakatifu unayempokea ni yuleyule aliyewatenga Barnaba na Sauli. Kipaimara kisifundishwe kama cheti cha kumaliza shule.

Mahali pa nne ni adhimisho la Liturujia. Dominika ya nne ya Pasaka, Dominika ya Mchungaji Mwema, ndiyo Siku ya Kuombea Miito duniani, iliyoanzishwa na Paulo VI mwaka 1964. Siku hiyo, pamoja na mahubiri, mtawa au katekista aliyetumika muda mrefu apewe nafasi mwishoni mwa Misa aeleze maisha yake bila kuyapamba: furaha yake, upweke wake, na sababu ya kuendelea. Vijana hutambua haraka maneno ya matangazo. Ushuhuda wa kweli hukaa nao muda mrefu.

Vikwazo tunavyopaswa kuvitaja

Mafundisho yasiyogusa hofu za watu hupita juu ya vichwa vyao. Hofu ya kwanza ni ya wazazi. Kijana akisema anataka upadre, au binti akisema anataka utawa, huulizwa: Nani atatulea uzeeni? Nani ataliendeleza jina la ukoo? Hofu hii si dhambi. Inatokana na upendo na wajibu, na yafaa ijibiwe kwa heshima.

Mila ya wazee wa Kinyakyusa inaweza kutusaidia kuijibu. Zamani, vijana wa rika moja walitoka katika nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao pembeni, huku wakiendelea kula kwa mama zao kwa zamu. Wakati ulipotimia, iliadhimishwa sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka: kizazi cha baba kilikabidhi nchi kwa kizazi cha wana. Moto wa zamani ulizimwa katika nyumba zote, na moto mpya ukapekechwa. Baba alijua kwamba mwana asiyetoka hatakomaa, na kwamba nchi isiyokabidhiwa itakosa wa kuilinda. Mkristo anayesimama gizani katika mkesha wa Pasaka, akingoja moto mpya ubarikiwe, anaweza kuielewa hekima hiyo vizuri. Mwana anayekwenda seminarini au utawani anatoka ili kizazi chake kiushike moto wa imani. Yesu naye aliahidi kwamba aachaye nyumba, ndugu au wazazi kwa ajili yake na kwa ajili ya Injili hatakosa nyumba wala ndugu (rej. Mk 10:29-30). Ni wajibu wa parokia kuifanya ahadi hiyo ionekane: mzazi wa padre au wa mtawa asiachwe mpweke katika uzee wake wakati jumuiya ipo.

Kikwazo cha pili ni kinyume cha kile cha kwanza. Wapo wazazi wanaomsukuma mtoto aende seminari ndogo kwa sababu shule hizo hufaulisha, au kwa sababu ya heshima ya kuwa na padre katika ukoo. Elimu bora ni jambo jema, na kijana anayetoka seminarini akiwa mlei mwaminifu hakupoteza muda wake. Lakini wito ni uhuru. Asidharauliwe anayetambua kwamba njia yake ni ndoa, wala asibebeshwe mtoto ndoto ambazo Mungu hakumpa.

Kikwazo cha tatu kinatuhusu sote, nacho ni maisha ya katekista. Tunamsifu Dominika, na Jumatatu anakwenda kufanya kibarua ili watoto wake wapate sare za shule. Vijana wanaona. Kijana anayemwona katekista wake akizeeka katika ufukara wakati kigango kinajenga mnara mpya amekwisha kupata fundisho juu ya wito huo, hata kama hakuna aliyelitamka. Kanuni ya 231 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba walei wanaojitoa kwa huduma ya pekee ya Kanisa wanapaswa kujipatia malezi yanayostahili, na wana haki ya kupata malipo ya heshima yanayolingana na hali yao, pamoja na kukidhi mahitaji ya familia zao. Hilo ni deni la haki, wala tusilifanye kuwa fadhila. Katika nchi yenye chai, ndizi, viazi, maparachichi na maziwa kama yetu, halmashauri ya walei ya kila kigango inaweza kupanga fungu la katekista, dogo lakini la uhakika, pamoja na bima ya afya ya familia yake. Kigango kinachomtunza katekista wake kinamwandaa na atakayemrithi.

Kijana anayeuliza ajibiwe nini?

Mafundisho yakizaa matunda, kijana atakuja na maswali, naye anastahili majibu yaliyo wazi.

Anayewaza upadre azungumze na paroko wake, naye atamwelekeza kwa mlezi wa miito wa Jimbo. Baada ya shule na kipindi cha maandalizi huja masomo ya falsafa na teolojia, ambayo kwa sheria hayapungui miaka sita. Waseminari wa majimbo ya Tanzania husoma katika seminari kuu kama Kibosho na Ntungamo kwa falsafa, Kipalapala na Segerea kwa teolojia. Kwa kawaida hakuna anayepewa daraja ya upadre kabla ya kutimiza miaka 25. Anayevutwa kwenda mbali zaidi aelezwe habari za mashirika ya kimisionari, likiwamo lile lililotuletea imani, ambalo leo vijana wake wengi walio katika malezi ni Waafrika.

Anayewaza utawa ajue kwamba atapita katika ukandidati na upostulanti, kisha unovisi wa angalau miezi kumi na miwili. Nadhiri za kwanza huwa za muda, kwa kawaida miaka mitatu hadi sita, ndipo zifuate nadhiri za daima. Muda huo mrefu ni zawadi: Kanisa humpa mtu nafasi ya kujipima, nalo lipate nafasi ya kumpima.

Anayewaza huduma ya katekista, awe mwanamume au mwanamke, aliyeoa au asiyeoa, atafute kwanza kufahamu Maandiko na Katekisimu, aishi maisha ya sakramenti, na akubali kwenda kusoma. Papa Fransisko alitaka huduma hii itolewe kwa watu wenye imani ya kina, ukomavu wa utu na malezi yafaayo. Moyo wa kupenda ni mwanzo mzuri, nao unahitaji shule. Na parokia inayompeleka mtu chuoni ibebe gharama zake. Asiachiwe yeye na mke wake.

Kwa wote hawa, kanuni ya 233 inaukumbusha umma wote wa Wakristo kwamba wajibu wa kukuza miito ni wa jumuiya nzima: familia, walimu na kwa namna ya pekee mapadre. Mlezi wa miito wa Jimbo peke yake hawezi kuvuna mahali ambapo hapakupandwa.

Hitimisho

Ndugu wapendwa, jina la Tukuyu liliandikwa Roma mwaka 1932 kama jina la nchi inayongoja wamisionari. Watu wengine, ambao hawakutujua, walisikia kwamba tunangoja, wakaja. Leo kuna nchi nyingine zinazongoja, na kuna vigango ndani ya wilaya yetu wenyewe vinavyongoja. Tunawaalika maparoko, makatekista, viongozi wa jumuiya na wazazi kuanza na hatua moja kabla ya Oktoba ijayo: kila jumuiya imwombee kwa jina kijana mmoja wa kwake, na mtu mzima mmoja aende akamwambie kijana huyo kwamba anaombewa. Jambo hili halihitaji bajeti wala mgeni rasmi.

Bikira Maria, Malkia wa Mitume, atuombee, ili Kanisa la Rungwe lililolelewa kwa machozi na sala za watu wa mbali lisichelewe kuwatoa wana na mabinti zake kwa ajili ya wengine. Amina.